Somo: Kuja Malindi na Amu (Lamu) na shilingi za Tanzania bila kupunjwa

Neno ni moja, shilingi, na hapo ndipo mgeni wa Tanga, Dar au Unguja anapoanza kuumia. Akiambiwa kikoi ni elfu mbili, sikio lake linasikia elfu mbili za kwao, nauli ya daladala kwenda na kurudi na chenji juu. Anakubali bila kuuliza. Kumbe ametoa kama elfu arubaini. Muuza kikoi hajamdanganya. Ametaja bei yake kwa pesa ya nchi yake. Kwa hiyo somo hili linaanza kichwani kabla ya kufika mfukoni.

Hatua ya 1: Hesabu ya kichwani

Kwa miaka ya karibuni shilingi 1 ya Kenya imekuwa ikicheza karibu na 20 za Tanzania, mara chini kidogo, mara juu kidogo. Angalia kiwango cha siku unayosafiri, lakini kwa kutembea mjini kanuni hii inatosha:

Bei ya Kenya kwenda ya Tanzania: zidisha kwa mbili, ongeza sifuri. 350 inakuwa 700, kisha 7,000.
Bei ya Tanzania kwenda ya Kenya: toa sifuri, gawa kwa mbili. 60,000 inakuwa 6,000, kisha 3,000.

Ifanyie mazoezi ndani ya basi mpaka isikusumbue. Jifunze na majina ya mitaani, maana dereva wa tuktuk hatakutafsiria: mbao ni 20, finje ni 50, soo ni 100, thao ni 1,000. Ukisikia "soo mbili", ni 200, sawa na kama 4,000 zako.

Hatua ya 2: Amua pa kubadilishia kabla ya kuvuka Mombasa

Hili ndilo kosa kubwa na ndilo linalogharimu. Watu hudhani Malindi ni mji wa watalii, basi kila pesa inabadilishwa. Ni kweli ni mji wa watalii, lakini biashara yake ya fedha imejengwa juu ya yuro, dola na pauni, kwa sababu Wataliano wamekaa hapo miaka mingi. Shilingi ya Tanzania ni bidhaa isiyo na mnunuzi wa kesho: mwenye duka akiichukua lazima aipeleke Mombasa au aisubirie mtu anayekwenda Tanga. Hasara ya kuisubiri anakupa wewe kwenye kiwango. Amu ni zaidi ya hapo. Benki ni chache, ziko upande wa bandarini, na usitegemee kwamba utaifikisha noti ya Mwalimu Nyerere dirishani ikapokelewa.

Badilisha Mombasa mjini, kwenye duka lenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya, maana pale pesa ya Tanzania ina biashara ya kila siku. Mpakani Horohoro na Lungalunga badilisha kiasi cha nauli na chakula tu. Vijana wanaokufuata na mabunda mkononi hawana leseni, na kubadilisha fedha bila leseni ni kosa kisheria. Ukipunjwa huna pa kushtaki. Mbinu zao zinajulikana: noti iliyokunjwa katikati ili ihesabiwe mara mbili, kikokotoo kilichochezewa, na haraka ya kukwambia polisi wanakuja.

Hatua ya 3: Soma ubao wa viwango vizuri

Hapa hata waliosoma hukosea. Dola kwenye ubao huandikwa ni shilingi ngapi za Kenya kwa dola 1. Pesa ya Tanzania na ya Uganda huandikwa kinyume: ni ngapi kwa shilingi 1 ya Kenya. Kwa hiyo ukiwa na shilingi za Tanzania mkononi, namba ndogo ndiyo nzuri kwako.

Chukua 400,000 za Tanzania:
kwa 20 unapata 20,000 za Kenya;
kwa 22 unapata 18,181;
kwa 25 unapata 16,000.

Tofauti ya 20 na 25 inaonekana ndogo ubaoni, lakini ni elfu nne za Kenya, nauli na chakula cha siku nzima. Uliza swali moja tu: "Nikikupa laki nne, unanipa ngapi mkononi, baada ya makato yote?" Linganisha maduka mawili, chukua risiti, hesabu pesa papo hapo mbele ya dirisha.

Hatua ya 4: Zijue noti za Kenya

Noti zilizotolewa mwaka 2019 zote zina jengo la KICC, lile refu la mikutano la Nairobi, mbele, maana Katiba ya 2010 imekataza sura ya mtu kwenye pesa. Rangi: 50 nyekundu, 100 zambarau, 200 buluu, 500 kijani, 1,000 kahawia. Mgeni wa Tanzania huchanganyikiwa kwa sababu nyekundu kwao ni noti kubwa kuliko zote, 10,000, na hapa nyekundu ndiyo ndogo kuliko zote. Iinue noti kwenye mwanga: utaona kichwa cha simba ndani ya karatasi, na thamani ya noti. Sarafu ni 1, 5, 10 na 20, zenye twiga, kifaru, simba na ndovu.

Noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 zenye sura za marais bado ni halali. Ya 1,000 ya zamani si pesa tena.

Hatua ya 5: Laini ya Kenya na M-PESA

Noti peke yake hazitoshi. Maduka mengi ya Malindi na Amu, hata mabanda ya viazi karai, yamebandika ukutani namba ya till, yaani namba ya duka ya kulipiwa kwa M-PESA. Chukua pasipoti yako, sajili laini ya Safaricom, na uombe isajiliwe M-PESA hapohapo. Kulipa kwa till, mnunuzi hakatwi. Kulipa kwa Pochi la Biashara, ile M-PESA ya wafanyabiashara wadogo, unakatwa kama unayemtumia mtu pesa.

Mwenye M-Pesa ya Vodacom Tanzania anaweza kujitumia pesa kutoka laini yake ya kwao hadi laini yake mpya ya Kenya. Kiwango huonekana kabla hujaweka namba ya siri. Kisome, ukilinganishe na cha duka la Mombasa. Kwa wengi hii ndiyo njia salama kuliko bunda la noti kiunoni. Angalia tu kwamba laini ya Tanzania ina huduma ya kutumika nje ya nchi, vinginevyo ujumbe wa uthibitisho hautafika.

Ukitoa pesa kwa wakala, toa kwa mkupuo. Ada ya kutoa 500 ni ile ile ya kutoa 2,500, kwa hiyo anayetoa mia tano tano mara tano amelipa mara tano.

Hatua ya 6: Gawa pesa kabla ya boti ya Mokowe

Kabla ya kupanda boti kuvuka kwenda Amu, hakikisha una noti ndogo: kumi za 100, tano za 200, na sarafu kidogo. Nahodha hana chenji ya elfu, na mwenye punda aliyekubebea mzigo hatakubali kusubiri uzunguke mtaa wa nyuma kutafuta. Umeme ukikatika au mtandao ukilala, till hailipiki, na njia ya Shela ni ndefu kwa mtu mwenye njaa.

Panga siku pia. Benki hufunga saa kumi jioni siku za kazi, saa sita Jumamosi. Ijumaa mchana mji wa Amu uko msikitini. Usipange kazi ya pesa kati ya saa sita na saa nane. Wakati wa Maulidi, mfungo sita, mji hujaa na foleni za mashine za pesa hurefuka, basi njoo nazo tayari.

Makumbusho na Ngome ya Amu ni mambo mengine. Malipo ya taasisi za serikali hupita eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, kwa simu au kadi, si noti mlangoni. Viingilio vina ngazi, na raia wa Afrika Mashariki ana ngazi yake, nafuu kuliko mgeni wa mbali. Onyesha pasipoti kabla ya kulipa na uitaje hiyo ngazi. Ukishalipa kama mgeni wa Ulaya, kurudishiwa ni safari nyingine.

Hatua ya 7: Kurudi

Tumia sarafu zote kabla ya kuondoka, hakuna duka linalozinunua. Noti zilizobaki badilisha Mombasa. Mwenye zaidi ya dola 10,000 kwa thamani, za nchi yoyote, anatakiwa kuzitangaza mpakani.

---

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Assalaam aleikum mwalimu, shukran kwa somo. Nikikwama Malindi usiku, nina pesa ya Tanzania tu, na mwenye nyumba ya wageni amekubali kuipokea. Nikubali kiwango gani?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Lipa usiku mmoja tu, usimlipe wiki nzima. Chumba kikiwa 1,500 na kiwango cha siku ni 20, haki ni 30,000. Akitaka 33,000 amejilipa usumbufu wa kuibadilisha, si dhuluma. Akitaka 40,000, muombe akusubiri hadi asubuhi na umwonyeshe pasipoti aione tu, asiishike. Na mkubaliane chenji itarudi kwa pesa gani, maana hapo ndipo ugomvi huzaliwa.

Bi wa Unguja: Si bora nibadilishe shilingi zangu ziwe dola hapa, kisha dola ziwe za Kenya huko?

Hapana dada yangu, utakatwa mara mbili. Lakini kama dola unazo tayari, zilete. Malindi zinapokelewa vizuri. Noti za 50 na 100 hupata kiwango kizuri kuliko za 1 na 5, na iliyochanika au kuandikwa kalamu hukataliwa.

Mwanachama wa Dar: Kadi ya benki yangu ya Visa je?

Inafanya kazi kwenye mashine za Malindi, mradi benki yako imeifungulia matumizi ya nje kabla hujaondoka. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa shilingi za Tanzania au za Kenya, chagua za Kenya. Ukichagua za kwenu, kiwango anakipanga mwenye mashine, na huwa kibaya. Omba 9,500 badala ya 10,000, upate angalau noti moja ya kuvunjika kirahisi.

Mwanachama wa Pangani: Marehemu mjomba aliacha noti sita za elfu za Kenya, zina sura ya mzee Kenyatta. Nije nazo?

Mwenyezi Mungu amrehemu. Noti hizo zilikoma kuwa pesa tarehe 30 Septemba 2019. Ziweke kama kumbukumbu yake. Atakayekwambia anazinunua kwa bei ya chini ili "akazipeleke benki", muepuke.

Mwanachama wa Tanga tena: Nikituma M-PESA kwa namba isiyo yake?

Kabla ya namba ya siri, simu hukuonyesha jina. Lisome kwa sauti, muuzaji aitikie. Ikiwa imeshatoka, peleka ujumbe ule wa M-PESA kwenda 456 mara moja, kabla aliyepokea hajaitoa. Ikishatolewa, kuirudisha ni kazi.

Mwanachama wa Malindi: Na sisi tukienda Unguja na shilingi za Kenya?

Kanuni ni ile ile, imegeuzwa: sasa namba kubwa ndiyo nzuri kwako, unataka zaidi ya 20 kwa kila shilingi yako. Tanzania ilipiga marufuku mwezi Machi 2025 kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo usimuombe muuza duka apokee noti yako ya Kenya, utamtia mashakani. Badilisha benki au duka lenye leseni, na risiti uitunze mpaka urudi.