Jinsi ya kulinganisha usalama wa ribritha, kwa wanaozamia upande wa Kisumu

Ribritha (rebreather), mashine ya kupumulia chini ya maji, hurudisha pumzi yako: hewa unayotoa hupita kwenye chokaa ya soda inayonyonya kaboni dioksaidi, kisha mashine huongeza oksijeni uliyotumia. Mtungi wa kawaida ukiharibika unajua papo hapo, kwa sababu pumzi inakata. Ribritha inaweza kuendelea kukupa hewa tele isiyo na oksijeni ya kutosha, ukazimia bila dalili yoyote. Kwa hiyo, unapolinganisha mashine mbili, tazama kila moja inakujulishaje kwamba imekosea. Uzito na bei vitafuata.

Hatua ya 1: Kuwaka. Muulize muuzaji: nikijitosa nimesahau kuiwasha, itajiwasha yenyewe? Zipo zinazoamka zikiguswa na maji, na zipo zinazoamka oksijeni ikishuka. Chagua yenye njia zote mbili. Isiyo na hata moja, achana nayo.

Hatua ya 2: Seli za oksijeni. Hapa ndipo utumie muda wako mwingi.

Seli ni vihisi vinavyopima oksijeni unayovuta. Mashine nyingi zina seli tatu, na kompyuta ya mashine hufuata mbili zinazokubaliana. Hesabu hiyo ina tundu: seli mbili zilizochoka pamoja humshinda mwenzao mzima kwa kura. Usinunue seli tatu za toleo moja kwa siku moja. Badilisha kwa zamu, na kila seli itoke ikitimiza miezi 12, hata kama bado inasoma vizuri.

Sasa suala la mwinuko. Miongozo mingi imeandikwa kwa watu wa baharini. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni kama bari 0.88. Skrini huonyesha presha ya oksijeni kwa bari. Ukijaza mashine oksijeni safi ukiwa ufukwe wa Dunga, isome karibu 0.88, isisome 1.0. Ikisoma 1.0, kila namba utakayoiona chini imetiwa chumvi: 1.3 ya skrini ni 1.14 ya kweli. Unapata nitrojeni zaidi ya ile kompyuta inayohesabu, na unapanda juu mapema kuliko unavyopaswa.

Kuna mashine zinazopima presha ya mahali zenyewe. Nyingine hukuomba uandike namba. Zile za kwanza ni bora mara kumi. Kama ni lazima uandike, usichukue namba ya programu ya hali ya hewa kwenye simu. Hiyo itakuonyesha kitu kama milibari 1,014, kwa sababu imerekebishwa iwe ya usawa wa bahari. Unachotaka ni namba inayokaribia 884, kutoka kwenye kipimapresha halisi. Kosa hili halilii kengele: seli zote tatu zitakubaliana, na zote zitakuwa zimekosea.

Baada ya hapo soma milivolti, yaani umeme unaotolewa na kila seli. Hakikisha skrini inaweza kuzionyesha. Isiyoonyesha inakuficha afya ya seli. Seli yenye afya hutoa 8 hadi 13 hewani kwenye usawa wa bahari. Hapa tarajia 7 hadi 11.5. Zidisha namba ya hewani kwa 4.8 upate ya oksijeni safi: seli ya 9 ifike takriban 43. Ikiishia 36, itupe.

Seli chakavu inaweza kufaulu nchi kavu, kisha igome kupanda zaidi ya 1.2 majini. Ipime kwenye mita 6, kwa muda mfupi: jaza oksijeni safi, nayo isome karibu 1.47. Baharini mwongozo unasema 1.6, ukiilazimisha ifike 1.6 hapa, utatupa seli nzuri bure.

Hatua ya 3: Onyo. Maji ya Ghuba ya Winam ni ya matope, na skrini ya mkononi huenda usiione. Taa iwe mbele ya jicho, kando ya kioo cha miwani. Inayotetemeka pia ni bora zaidi.

Hatua ya 4: Chokaa. Kipimajoto kilicho ndani ya chokaa huonyesha sehemu inayofanya kazi, hakipimi kaboni dioksaidi. Ukisahau mpira wa kuziba, hewa itapita pembeni na kipimajoto kitakaa kimya. Kama mashine haikubali kufungwa bila mpira huo, ipe alama nyingi. Kupumua dakika 5 ufukweni kabla ya kuzama hukagua oksijeni vizuri, ila hakutoshi kukuonyesha chokaa mbovu.

Hatua ya 5: Mdomoni. Kuwe na vali ya kuhamia mtungi wa dharura bila kutoa kitu mdomoni, kwa sababu aliyelemewa na kaboni dioksaidi hawezi kuacha kuhema hata sekunde mbili. Na kuwe na mkanda wa kichwani unaoshika kipande cha mdomo: ukizimia, maji hayaingii haraka. Wazamiaji wengi hawaupendi. Uvae.

Hatua ya 6: Mtungi wa dharura. Utoshe kukufikisha juu pamoja na vituo vyote vya kusubiri nitrojeni itoke mwilini, ukihesabu pumzi ya mtu aliyeshtuka, yaani mara mbili ya kawaida.

Ukishatoka majini, usianze safari ya Nairobi siku hiyo: njia hupita Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, na mwili ulio na nitrojeni huuona mlima huo kama safari ya ndege.