Namna ya Kuchunguza Hatari ya Saratani ya Ini katika Ukoo

Ukoo ukipoteza watu wawili au watatu waliovimba tumbo na macho kuwa ya manjano, minong'ono huanza kwamba ugonjwa umo katika damu yao. Kabla ya kukubali hivyo, chukua daftari, kaa na bibi na shangazi wenye kumbukumbu, uandike kila marehemu alikufa na umri gani, alikunywa pombe kiasi gani, na mama yake alikuwa nani. Swali la mama ndilo zito kuliko yote, kwani kirusi cha homa ya ini B, kinachoweza kuleta saratani ya ini, hupita kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na ndugu wa tumbo moja huugua kana kwamba wamerithi.

Urithi wa kweli upo: jeni (chembe ya urithi) iitwayo HFE ikibadilika, mwili hulimbikiza madini ya chuma kwenye ini, lakini hali hiyo huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini. Kwa sehemu kubwa ramani ya saratani ya ini duniani hufuata virusi. Mongolia, inayoongoza kwa kiwango cha saratani hii, imeelemewa na homa ya ini B na C, na barani Afrika wagonjwa wengi bado ni watu wa umri wa kufanya kazi.

Kwa hiyo pimeni familia nzima kirusi B. Asiye na kirusi wala kinga achanjwe dozi tatu kwa miezi sita. Aliye nacho amwone daktari, hata kama hasikii maumivu, ajue kama anahitaji dawa na kupigwa ultrasaundi kila miezi sita. Mtoto wa mama mwenye kirusi achanjwe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.

Kisha geukia ghala, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, huharibu jeni ya TP53 inayozuia saratani, na kwa mwenye kirusi B hatari huongezeka mara nyingi zaidi. Tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo hadi theluthi moja, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja, uache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Yarudishe juani, juu ya turubai. Punje zenye ukungu zitupwe kabisa, kwa kuwa kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo, na ng'ombe akilishwa punje hizo, sumu huingia kwenye maziwa yake.