Somo: Fangasi kaota kwenye chupa ya damu, tufanyeje?

Habari zenu wana maabara, na wauguzi mnaosoma kimyakimya. Nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo niliona ripoti ya mgonjwa wa ICU (wodi ya mahututi) imeandikwa "fangasi, huenda ni uchafu wa ngozi". Chupa iliyooteshewa damu yake ikatupwa. Maneno yale yananikera hadi leo, na somo hili limetokana nayo.

Hatua ya 1: Piga simu wodini. Candida, fangasi wa jamii ya hamira, akionekana kwenye damu hahesabiwi uchafu, hata akiota chupa moja tu. Usingoje ripoti ichapwe.

Hatua ya 2: Hadubini. Paka rangi ya Gram, kisha jaribu wino wa India. Ukiona seli imezungukwa na duara jeupe kwenye weusi wa wino, mfikirie Cryptococcus, fangasi mwingine mwenye gamba, hasa mgonjwa akiwa na VVU. Mwambie daktari mapema, maana dawa za kundi la ekinokandini, ambazo ndizo chaguo la kwanza kwa Candida wa kwenye damu, hazimfanyi kitu Cryptococcus. Trichosporon na Rhodotorula, fangasi wengine, nao dawa hizo haziwafanyi kitu.

Hatua ya 3: Mrija. Chota koloni kidogo, koroga kwenye nusu mililita ya seramu, weka nyuzi joto 37 kwa saa 2 hadi 3. Akichomoza mrija usiobanwa shingoni, mara nyingi huyo ni Candida albicans. Asipochomoza, usiandike "Candida, si albicans" ukafunga daftari. Kazi ndiyo kwanza inaanza.

Hatua ya 4: Tafuta jina lake. Hapa ndipo wengi tunapoanguka, na anayetuangusha zaidi ni Candida auris. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 2009 huko Japani, baada ya kupatikana kwenye sikio la mama mzee. Auris kwa Kilatini ni sikio. Msimwone wa mbali. Utafiti wa hospitali moja ya rufaa Nairobi, uliochapishwa 2019, ulimkuta kwa asilimia 38 ya wagonjwa waliokuwa na Candida kwenye damu.

Ubaya wake ni kujificha kwa majina ya wenzake. VITEK 2, mashine ya kutambua vijidudu, ikiwa na orodha ya zamani humwita Candida haemulonii, ndugu yake. API 20C, kipimo cha vishimo vya sukari, humwita Rhodotorula glutinis, na hapo macho yako yanakishinda kipimo: Rhodotorula ana koloni za rangi ya waridi au chungwa. Kipimo kikisema Rhodotorula na sahani ina koloni nyeupe, shtuka. Weka sahani nyingine kwenye nyuzi 42. Auris huota, haemulonii hushindwa. Hilo halitoshi kumthibitisha, kwa kuwa albicans naye huota kwenye joto hilo, lakini linatosha kukufanya upeleke sampuli kwenye maabara yenye MALDI-TOF (mashine inayotambua kijidudu kwa protini zake) iliyosasishwa.

Hatua ya 5: Pima usugu. Kuna wanaozaliwa nao na kuna wanaoupata njiani. Candida krusei haisikii flukonazoli, dawa ya fangasi inayotumika sana, tangu asili. Auris hubadilisha kimeng'enya kinacholengwa na flukonazoli, kile kinachotengeneza ergosteroli, mafuta ya utando wa seli yake. Tena ana pampu za kuitapika dawa nje. Marekani, takriban asilimia 90 ya sampuli za auris zilikuwa sugu kwa flukonazoli na kama 30 kwa amfoterisini B, dawa nyingine ya fangasi. Ekinokandini bado inamweza mara nyingi, ila usugu wake nao umeshaonekana, kwa hiyo pima, usikisie.

Hatua ya 6: Rudi wodini. Katheta (mpira uliowekwa) ya mshipa mkubwa itolewe ikiwezekana, macho ya mgonjwa yachunguzwe, damu ioteshwe tena na tena. Siku 14 za dawa huhesabiwa tangu damu ilipoonekana safi, si tangu dozi ya kwanza. Auris hukaa kwenye vitanda na vifaa kwa wiki kadhaa. Kule Oxford, Uingereza, mlipuko ulihusishwa na vipimajoto vya kwapani vilivyotumiwa kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sisi tunadeki kwa ile dawa yenye harufu nzuri. Inatosha?*
Kama ni ya amonia za kwateneri (soma kibandiko chake), kwa auris ni dhaifu. Tumieni jiki iliyochanganywa kwa kipimo na iachwe kwa muda ulioelekezwa, si kupitisha kitambaa tu. Mikono: spiriti ya kupaka inafaa.

*Samahani dada, fangasi wangu wa ukeni wanarudi kila mwezi. Ndiyo huyo auris?*
Hapana mdogo wangu, huyo ni wa mahospitalini zaidi. Wa ukeni kwa kawaida ni albicans, mara nyingine glabrata au krusei. Acha kununua kidonge kilekile duka la dawa, nenda ukaoteshwe ute ujulikane ni yupi. Na kama una mimba, usimeze flukonazoli bila daktari.

*Hamira ya maandazi inaweza kuingia kwenye damu?*
Swali zuri, msimcheke! Ukila maandazi huna shida. Ila ndugu yake wa karibu, Saccharomyces boulardii, hutolewa kama poda ya kutuliza kuhara, na wagonjwa mahututi wenye katheta wamewahi kuota naye kwenye damu. Muuguzi akifungulia pakiti kando ya kitanda, poda huruka, hukaa mikononi, ikaingia kwenye dripu. Mgonjwa mwenye katheta kubwa asipewe poda hiyo, na pakiti ya jirani yake ifunguliwe mbali, kwa glavu.