Kumtumia Mtu wa Nje Faili za Siri za Biashara: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Orodha za mishahara, rasimu za mikataba, hesabu ambazo bado hazijakaguliwa na nakala za vitambulisho vya wateja hutoka maofisini kila siku kama viambatisho vya kawaida vya barua pepe. Barua moja ya aina hiyo huacha nakala kwenye akaunti ya mtumaji, kwenye seva za pande zote mbili, kwenye simu ya mpokeaji na mara nyingi kwenye hifadhi ya akiba ya kampuni zote mbili. Usimbaji (kuyageuza maandishi yasisomeke bila ufunguo) unaoilinda barua inapokuwa safarini kati ya seva na seva hauzigusi nakala hizo zinazobaki. Mwongozo huu unamhusu mtu anayetaka kutuma faili chache za siri nje ya kampuni yake bila kumtegemea mtaalamu wa kompyuta.

Hatua ya 1: Amua ni nani anapokea, na mpaka lini

Kabla ya kufungua programu yoyote, andika jina la mpokeaji, faili anazozihitaji na tarehe ambayo hatakuwa na haja nazo tena. Jina liwe la mtu, si la idara, kwa kuwa anwani za pamoja husomwa na watu usiowajua, pengine hata na waliokwisha kuhama kitengo hicho. Mkaguzi akiomba mauzo ya robo moja ya mwaka, mpe robo hiyo tu, hata kama mauzo ya mwaka mzima yamehifadhiwa katika faili moja.

Hatua ya 2: Isafishe faili

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayovujisha mengi zaidi, kwa sababu hakuna nenosiri linaloweza kumzuia mpokeaji halali kuona ambayo hakupaswa kuyaona. Safu iliyofichwa kwenye lahajedwali haijafutwa. Mpokeaji huifichua kwa kubofya mara chache. Jedwali lililotengenezwa kwa PivotTable, zana ya Excel ya kujumlisha data, kwa kawaida hubeba ndani yake nakala ya data yote iliyotumika kulitengeneza, hata kama umeifuta laha yenye data hiyo, kwa hiyo jedwali linaloonyesha jumla ya mishahara kwa kila idara linaweza kumfikisha msomaji kwenye mshahara wa kila mfanyakazi. Kwenye Word, mabadiliko yaliyofuatiliwa huhifadhi bei uliyoandika mwanzo kabla hujaibadilisha.

Njia ninayoiamini ni kufungua faili mpya na kubandika humo thamani pekee za sehemu inayohitajika, bila fomula wala majedwali yake. Kwa PDF, usitegemee mstatili mweusi uliochorwa juu ya maandishi, maana mara nyingi maandishi yenyewe hubaki chini yake. Jipime hivi: chagua eneo lililofunikwa, linakili, kisha libandike kwenye ukurasa mtupu. Maneno yakijitokeza, tumia zana inayoyaondoa kabisa, halafu rudia jaribio hilo.

Hatua ya 3: Isimbe faili

Programu ya 7-Zip, ya kufungasha na kusimba faili, haina malipo na inatosha kwa kazi hii. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuiongeza kwenye kumbukumbu mpya, yaani faili moja inayofungasha nyingine («Add to archive»), teua muundo wa 7z, andika nenosiri, kisha weka alama kwenye kisanduku cha kusimba majina ya faili. Kisanduku hicho si pambo. Katika ZIP ya kawaida yaliyomo husimbwa lakini majina hubaki wazi, na jina kama «Watakaopunguzwa_kazi_Machi.xlsx» hutoa siri yote kabla hata ya nenosiri kuulizwa. Isitoshe, usimbaji wa zamani wa ZIP ni dhaifu, ilhali 7z hutumia AES-256, yaani kiwango cha usimbaji cha AES kilichopitishwa na serikali ya Marekani mwaka 2001 kikiwa na ufunguo wa biti 256.

Nguvu ya usimbaji huo haizidi nguvu ya nenosiri. Jina la kampuni likifuatwa na mwaka hubahatishwa haraka. Tumia maneno sita au zaidi yaliyochaguliwa kwa nasibu na programu ya kutunzia nywila; maneno hayo pia ni rahisi kumsomea mtu kwa simu.

Hatua ya 4: Faili ipite njia moja, nenosiri njia nyingine

Ukituma faili kwa barua pepe, nenosiri lisipite huko, hata kwa barua ya pili inayofuata dakika moja baadaye, kwa kuwa aliyeingia katika akaunti ya mpokeaji atazisoma zote mbili. Mpigie simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali. Namba iliyoandikwa kwenye barua iliyoomba faili huenda ni ya tapeli. Kabla ya kubofya kitufe cha kutuma, isome anwani herufi kwa herufi, kwani programu ya barua hukamilisha jina yenyewe na majina yanayofanana ni mengi.

Hatua ya 5: Ukilazimika kutumia kiungo

Baadhi ya seva hukataa viambatisho vilivyosimbwa kwa sababu haziwezi kuvikagua virusi, na faili kubwa hazipiti kabisa. Hapo pakia faili iliyosimbwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni, toa ruhusa kwa anwani ya mpokeaji peke yake, na weka tarehe ya mwisho ikiwa huduma inaruhusu. Kisha kifungue kiungo hicho katika dirisha la faragha la kivinjari, ukiwa hujaingia kwenye akaunti yoyote. Ukiweza kuipakua faili, basi inapatikana kwa yeyote atakayekipata kiungo.

Hatua ya 6: Hakikisha imefika, kisha funga

Mpokeaji athibitishe kwamba ameifungua. Kwa mikataba, linganisheni pia alama ya SHA-256 yenye herufi na tarakimu 64, ambayo hukokotolewa kutokana na faili na hubadilika faili ikibadilika. Kwenye Windows huipata kwa amri ya certutil -hashfile ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256. Tarehe ya hatua ya kwanza ikifika, ondoa ruhusa, futa faili kwenye hifadhi, mwombe mpokeaji afute yake, na uandike katika rejesta nani alipewa nini na lini ilifungwa. Akiomba muda zaidi, andika tarehe mpya. Usiiache nafasi hiyo tupu.