Umeitwa misheni Uganda? Hivi ndo siku zako zitakavyokwenda

Kama barua ya wito imeshafika na umeona imeandikwa Uganda Kampala, hongera sana mdogo wangu. Kama umepangiwa Zambia au Ghana soma tu, mengi yanafanana. Mimi nilitumikia Uganda kama mmishonari nikitokea Tanzania, kwenye Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na naandika hii kwa sababu vijana wetu wanaondoka wameiva kimaandiko kabisa lakini hakuna aliyewaambia Jumanne ya kawaida inakuaje, na hiyo miezi 24 kwa wakaka au 18 kwa wadada karibu yote ni siku za kawaida.

Kuamka ni saa 12 na nusu asubuhi, kulala saa 4 na nusu usiku, na rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamishonari wote wa huko, anaweza kusogeza kidogo kulingana na sehemu. Ukiamka unasali, mazoezi nusu saa (kuruka kamba kunatosha, uwanja wenyewe mdogo), unaoga, unakula, unasoma maandiko peke yako, afu mnasoma na mwenzi wako, yaani mmishonari uliyepangiwa kutumikia naye, na kupanga siku. Anza kuamka hivyo ukiwa bado nyumbani, kabla hujaondoka, maana ukifika huko utakuwa na mambo mengine mengi ya kuzoea.

Sasa mwenzi. Hapa ntakaa kidogo maana kwa maoni yangu hii ndo kazi yako ya kwanza, kabla hata hujamfundisha mtu yeyote. Mtakuwa pamoja saa zote, mnatakiwa muwe mnaonana na kusikiana, mnapika pamoja, mnapanda taksi pamoja, mkigombana hamna pa kwenda. Uhamisho unakuja kila baada ya wiki sita, unaweza kubaki naye au ukapewa mwingine, inaweza kuwa Mkongo, Mzimbabwe, Msauzi, au kijana kutoka Utah ambaye hajawahi kuwasha jiko la mkaa maishani mwake. Usiku ule wa kwanza kaeni chini muongee vitu vya kawaida kabisa: hela ya chakula tunaiwekaje, nani anapika lini, nani anaosha vyombo, wewe ukikasirika unakuwaje, unapenda nikuache au nikuulize. Wengi wanaona aibu kuongea haya eti ni ya kidunia, bas baada ya wiki mbili wanagombania sufuria na wakienda kufundisha watu wanaona kabisa kwamba hawa wawili hawaongei. Roho haikai kwenye nyumba ya namna hiyo, naamini hivyo kwa moyo wote.

Kingine kuhusu mwenzi mgeni. Wewe wa Afrika Mashariki utajua kupatana bei sokoni, utajua kufua kwa mkono, kwa hiyo kuna hatari ya kugeuka mtumishi wake. Usikubali, ila usimcheke pia. Mpe kisu amenye matoke mwenyewe, mwonyeshe kupaka mafuta mikononi kwanza ili utomvu usigande, siku ya tatu atakuwa fundi. Na saa za miadi wewe ndo msaada wake, maana Waganda wanahesabu saa kama sisi, mtu akisema ssaawa bbiri ni saa mbili ya kwetu, Mmarekani anaandika mbili ya kwao na mnakosa miadi.

Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni watu wengi hawapo nyumbani, wako kazini au sokoni, na hapo ndo wamishonari wengi wanakata tamaa maana wanagonga mageti tu. Usipoteze mchana kwenye mageti. Nenda waliko watu, kwa fundi cherehani, kwenye vibanda, kwa mama anayeuza nyanya, kaa, msaidie kitu, ongea naye kidogo, omba miadi ya jioni anapofunga. Miadi mizito yote weka kuanzia saa kumi na moja. Miezi ya mvua, Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba, panga nyumba za karibu karibu, kwa sababu mvua ya Kampala ikishuka barabara za udongo zinakuwa tope jekundu na hamna taksi itakayoingia huko ndani. Taksi wanaita zile hiace, sio gari ndogo, na ukitaka kushuka unamwambia kondakta "mumaaso awo ssebo".

Salamu usizifupishe hata kama mmechelewa. Asubuhi ni wasuze otya, ukimaliza na ssebo kwa mwanaume au nnyabo kwa mwanamke, na ukimkuta mtu anafanya kazi unampa gyebale ko, yaani pole na kazi. Utaona wanawake na mabinti wa Kiganda wanapiga magoti kusalimia, hata wewe kijana mdogo unaweza kupigiwa, itikia kwa heshima na inama kidogo, usimvute mtu mkono anyanyuke. Viatu mlangoni. Ukienda Gulu au Jinja lugha inabadilika, kwa hiyo ukipata uhamisho tafuta muumini akufundishe salamu za pale siku hiyo hiyo. Na mkikuta mama yuko peke yake nyumbani, wakaka msiingie, ombeni mfundishie barazani panapoonekana au mrudi mume akiwepo au mkiwa na muumini mwanamke.

Chai itakusumbua. Kila nyumba watakukaribisha chai na sisi hatunywi, na mgeni anayekataa kila kitu anaumiza mwenyeji. Usianze kuhubiri Neno la Hekima, ile sheria ya Kanisa letu inayotukataza chai, hapo mlangoni, sema tu "nnyabo, mimi majani ya chai situmii, ila maji ya moto au maziwa nitashukuru sana". Nyumba nyingi zina mujaaja uani, ule mmea unanukia vizuri, wanauchemsha peke yake bila majani ya chai, au mchaichai. Omba huo. Mwenyeji anafurahi amekupa kitu, na wewe umekunywa.

Mashati meupe na lile vumbi jekundu ni vita ya kila wiki. Loweka kola na mikono usiku mzima kwenye maji ya sabuni kabla ya kufua, usisugue tope likiwa bichi, liache likauke ulikung'ute kwanza. Na tafadhali sana, nguo zikianikwa nje piga pasi zote, nasema zote, mpaka soksi, boksa na taulo, pita vizuri kwenye mishono. Kuna nzi anataga mayai kwenye nguo mbichi, mayai yakigusa ngozi funza anaingia ndani na unaota jipu lenye kitundu juu. Moto wa pasi unaua mayai. Umeme ukiisha kwenye Yaka, ile mita ya kulipia kabla, ununue kwa simu siku hiyo hiyo, usivae shati ambalo halijapigwa pasi kwa sababu tu ni Jumapili asubuhi.

Homa nayo usiiombee tu ukalala. Omba, afu nenda kapime malaria siku hiyo hiyo na umpigie mke wa rais wa misheni au yeyote anayesimamia afya. Chandarua kila usiku, maji ya kunywa yachemshwe.

Kuhusu Kiswahili, nenda taratibu. Kuna wazee, hasa Buganda, ambao wanakihusisha na wanajeshi wa miaka ile ya 1970, kwa hiyo usikirushe kwa mtu usiyemjua, anza na Kiganda chako kibovu au Kiingereza. Lakini ukikutana na ndugu zetu Wakongo waliokimbia vita, wako wengi Katwe na Nsambya, mitaa ya Kampala, hapo Kiswahili ni baraka kubwa mno, unamwona mama anaachia mabega akisikia unasali kwa lugha anayoielewa. Ila ukiwa na mwenzi asiyejua usimwache amesimama kama mlingoti, mtafsirie kila baada ya sentensi chache.

Jumatatu ni siku ya maandalizi, mnafua, mnanunua chakula, mnapumzika, na mnapiga simu nyumbani. Tangu Februari 2019 mmishonari anaruhusiwa kuongea na familia kila wiki kwa simu au video, kabla ya hapo ilikuwa barua pepe kila wiki na simu mara mbili tu kwa mwaka. Chagua saa maalum na mama ili asishinde ameshika simu. Mwambie ukweli ukiwa na huzuni, lakini ongea na mwenzi wako na rais wa misheni kwanza, maana mama yuko mbali na usiku hatalala.

Uhamisho ukija unapewa muda mfupi sana wa kufunga begi. Kwa hiyo kila Jumapili jioni andika yale ambayo yatamsaidia anayekuja, nani anapatikana saa ngapi, nani mgonjwa, nyumba ipi ina mbwa, mwenye nyumba anataka kodi tarehe ngapi, fundi wa maji ni nani. Mwachie na kilo ya mchele.