Kiuno cha mkulima hulindwa tangu gunia linapojazwa

Kila msimu wa kuvuna viazi katika Nyanda za Juu Kusini, wakulima hulalamikia kiuno, na wengi hudhani ni uchovu wa jembe, ilhali mara nyingi chanzo ni gunia. Lumbesa, yaani gunia lililojaa hadi mdomoni kisha likaongezewa kilemba kilichoshonewa kwa kamba, huweza kupita kilo 100. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mtu mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke abebe mzigo mwepesi zaidi ya huo. Hakuna ufundi wa kuinua unaoweza kumwokoa mtu mmoja chini ya lumbesa, ambayo isitoshe humpunja mkulima na imekatazwa na sheria ya vipimo. Jazeni viroba vya kilo 25, na vya kilo 50 viinuliwe na watu wawili.

Kabla ya kuinua, simamisha kiroba wima, tanguliza mguu mmoja kando yake, kunja magoti na nyonga huku mgongo ukiwa umenyooka, kisha kikumbatie kifuani na uinuke kwa nguvu za mapaja. Kiroba kikiwa mbali na kifua, misuli ya mgongo hulazimika kuvuta kwa nguvu inayozidi uzito wenyewe mara kadhaa, na nguvu hiyo yote huzikandamiza pingili za kiuno. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi hutokea wakati wa kupakia gari: miguu imeganda, kiuno kinazungushwa, kiroba kinarushwa. Geuza miguu kwanza, mwili ufuate.

Aliyeinama saa nzima akichimbua viazi asikimbilie kubeba. Anyooke na kutembea kidogo. Ghalani, chaga za kimo cha nyonga zinafaa kuliko mkanda wowote wa kiunoni, kwa kuwa kiroba kilichowekwa juu yake hakitainuliwa tena kutoka chini.

Maumivu ya kawaida hupungua kwa kuendelea na kazi nyepesi kuliko kulala siku nyingi. Lakini mguu ukilegea, sehemu za siri zikifa ganzi au mkojo ukishindwa kuzuilika, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.