Ukipiga simu ya msaada, anza kwa kutaja lugha yako

Usiku mmoja jirani yangu alikaa kitandani na mtoto anayechemka homa, namba ya simu keshaibonyeza, akashindwa kupiga. Alikuwa anaogopa Kiingereza.

Ndugu zangu mlio ughaibuni, simu nyingi za msaada zina wakalimani. Mhudumu akipokea, kabla hujaanza kueleza shida, tamka neno moja: Swahili. Usiseme Kiswahili, maana kwenye orodha yake huenda asilione. Kisha subiri. Laini inaweza kukaa kimya dakika kadhaa na wengi hukata hapo wakidhani wametupwa. Usikate, mkalimani anatafutwa.

Uingereza, shida ya kiafya isiyo ya dharura ni 111, saa 24, na mkalimani hulipi wewe. Ukilemewa na msongo wa mawazo, Samaritans, shirika la kuwasikiliza wenye dhiki, wako 116 123, bure, na hawakulazimishi kutaja jina. Kwa shida hiyo hiyo, Marekani ni 988, iliyoanza Julai 2022, yenye wakalimani wa lugha zaidi ya 240. Kwa chakula au kodi ya nyumba, jaribu 211. Australia wamerahisisha kuliko wote: piga 131 450 upate mkalimani kwanza, kisha mnaunganishwa pamoja na ofisi unayoitaka.

Sasa niseme na anayepigwa nyumbani. Ujerumani, 116 016 ni ya wanawake wanaofanyiwa ukatili. Ni bure, ina wakalimani wa lugha 18, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu zikiwamo, na haitokei kwenye bili. Lakini namba hubaki kwenye orodha ya simu ulizopiga. Ifute mara tu ukimaliza kuongea. Uingereza, kama mtesi yuko chumba cha pili na huwezi kusema, piga 999 kwa simu ya mkononi, kohoa au gonga kioo, na ukiambiwa ubonyeze 55, bonyeza. Utaunganishwa na polisi. Ila 55 haiwaonyeshi ulipo, kwa hiyo sikiliza maswali yao na ujibu kwa namna watakayokuelekeza.

Namba hizi fupi ni za kupigwa ukiwa ndani ya nchi husika, hivyo usitegemee ndugu aliye nyumbani akupigie. Ziandike leo kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa kabati. Chini yake andika anwani yako kamili, herufi kwa herufi, pamoja na msimbo wa posta. Kwenye dharura, mojawapo ya maswali ya mwanzo huwa ni uko wapi.